Kiungulia na meno yanayolika: jibu kwa mwalimu wa Dodoma

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 43. Meno yangu ya mbele ya juu yanazidi kuwa mafupi na membamba, na kwenye ncha yamekuwa kama kioo, mwanga unapita. Kwa upande wa ndani, nikipitisha ulimi, ni laini mno. Maji ya baridi yananitia ganzi hadi machozi. Daktari mmoja wa meno aliniambia napiga mswaki kwa nguvu. Mwingine akasema meno sita yote yavalishwe kofia, yaani vifuniko vya bandia. Kiungulia ninacho miaka mingi, kikizidi natafuna magnesium. Siku hizi napiga mswaki mara nne kwa siku, na asubuhi nakunywa maji ya vuguvugu yenye ndimu ili kusafisha tumbo. Je, kiungulia kinaweza kuharibu meno? Nianzie wapi? Na mkaa wa kung'arishia meno unafaa, maana yameanza kuwa ya njano?

Jibu: Mwalimu, ndiyo, kinaweza. Na kwa jinsi ulivyoeleza huo ulaini wa upande wa ndani, ninakishuku kiungulia kabla ya kitu kingine chochote. Sijakuangalia kinywani, kwa hiyo usiyachukue haya kama majibu ya kipimo. Lakini mahali jino linapolika huwa panasema mengi kuhusu kilicholila, na wewe umepataja vizuri kuliko wagonjwa wengi ninaowaona.

Jambo hili si geni kitabibu. Mwaka 2006 wataalamu wa tumbo kutoka nchi mbalimbali walikubaliana juu ya maana ya ugonjwa wa tindikali kupanda kutoka tumboni, katika makubaliano yanayojulikana kwa jina la Montreal. Humo kulika kwa meno kuliwekwa miongoni mwa madhara ya nje ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) ambayo uhusiano wake na ugonjwa huu umethibitika, pamoja na kikohozi, sauti kukwaruza na pumu. Tatizo ni kwamba daktari wa tumbo haangalii meno, na daktari wa meno mara nyingi haulizi habari za tumbo. Mgonjwa anabaki katikati, anabadilisha dawa ya meno.

Jino kwa nje limefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko kingine chochote mwilini. Kwa uzito, karibu asilimia 96 yake ni madini. Haina chembe hai ndani yake, na hapo ndipo penye shida: mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka huota, ila enameli ikishaondoka haioti tena. Ukali wa tindikali tunaupima kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi yako kwenye 7, na kila namba moja inayoshuka ukali huongezeka mara kumi. Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takribani 5.5. Tindikali ya tumboni, tumbo likiwa tupu, huwa kati ya 1 na 2. Hata tukichukua 2, ukali wake ni zaidi ya mara 3,000 ya kile kiwango ambacho jino huanza kupoteza madini. Tumbo lina ute wake wa kujikinga na balaa hilo. Kinywa hakina, kinategemea mate.

Sasa kwa nini upande wa ndani, tena wa meno ya juu? Tindikali ikipanda hupita juu ya ulimi, hugusa kaakaa, na kugonga mgongo wa meno ya mbele ya juu. Meno ya mbele ya chini yamefichwa nyuma ya ulimi, na tezi za mate zilizo chini ya ulimi huyaogesha muda wote, ndiyo maana mara nyingi huwa mazima kabisa hata kwa mtu ambaye ya juu yamebaki nusu. Baadaye hufuata magego ya chini. Vile vilele vyake vinavyosaga chakula huanza kuingia ndani, vinafanya vishimo vidogo vya mviringo, na katikati ya kishimo unaona rangi ya njano. Kama una jino lililozibwa zamani, kiziba chenyewe hakiyeyuki: jino linashuka, kiziba kinabaki kimesimama, kama jiwe linalobaki wima mvua ikishachukua udongo wa pembeni. Nikiona hivyo huuliza swali moja tu: unalala saa ngapi baada ya kula?

Hiyo ndiyo sababu sidhani kwamba mswaki ndio chanzo. Mtu anayesugua kwa nguvu huharibu upande wa nje, shingoni mwa jino karibu na ufizi, na huacha mkato kama wa shoka mdogo. Mswaki hauli mgongo wa meno ya juu ukaacha ya chini. Ndimu na soda nazo zina mahali pake: zikinywewa huanza na uso wa nje wa meno ya mbele. Tundu la kawaida la jino ni jambo lingine tena. Hilo hutokana na bakteria wanaokula sukari na kutoa tindikali yao wenyewe chini ya uchafu ulioganda, hivyo utaliona limekwaruza, lina rangi nyeusi au kahawia, na chakula kinakwama. Jino lililolika kwa tindikali ya tumbo ni safi, linang'aa, halina hata ule mstari wa uchafu karibu na ufizi. Wagonjwa wengi wa aina yako ndio wenye vinywa visafi kuliko wote, na ndiyo maana wanachelewa kugundulika. Yale madoa ya kahawia ya watu waliokulia maji yenye floraidi nyingi, kwa mfano Arusha na Kilimanjaro, nayo usiyachanganye na haya. Yale huingia jino likiwa bado linaumbwa utotoni.

Daktari wako wa kwanza, hata hivyo, hakukosea kabisa. Enameli ikishaguswa na tindikali huwa imelainika kwa juu kwa muda. Mate yana madini ya kuigumisha tena, lakini yanahitaji nafasi. Ukiingiza mswaki hapo hapo, unaifagia ile tabaka iliyolainika kabla haijarudi. Ukipiga mswaki mara nne kwa siku, tena baada ya kila kiungulia ili kuondoa uchungu mdomoni, unaisaidia tindikali kazi yake. Punguza hadi mara mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki laini.

Ukiamka na uchungu mdomoni, au tindikali ikipanda mchana ukiwa darasani, usikimbilie mswaki. Sukutua kwa maji na uteme. Maji matupu yanafaa, ila yenye bekingi soda yanafaa zaidi, kwa kuwa yanaiua tindikali yenyewe. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji, sukutua nusu dakika, tema. Naongelea bekingi soda ya dukani ya kuokea. Bekingi pauda ina asidi ndani yake, kwa hiyo haifai, na magadi ya kulainishia maharage na makande ni makali tena mengine yana floraidi nyingi, usiyaweke mdomoni kwa kazi hii. Ukishasukutua, ngoja karibu saa nzima ndipo upige mswaki. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, na ukimaliza tema povu tu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya jino. Najua wapo wanaoogopa neno floraidi kwa sababu ya hayo meno ya kahawia. Kwa mtu mzima hofu hiyo haina msingi: meno yako yalishaumbika, dawa ya meno unayoitema haiwezi kuyatia madoa hayo.

Maji ya ndimu yaache kuanzia kesho. Sijui ni nani aliyeanzisha habari ya kusafisha tumbo kwa ndimu asubuhi, lakini karibu kila mgonjwa wangu mwenye meno yaliyolika ameshatumiwa ujumbe huo kwenye simu. Juisi ya ndimu ina pH ya karibu 2, inakaribiana na kile kile kinachokuunguza kifuani. Usiku meno yamelainishwa kutoka ndani, asubuhi unayamalizia kutoka nje. Siki ya tufaha ni hivyo hivyo. Embe bichi kwa chumvi na pilipili, ukwaju, ubuyu, rozela na soda sikukatazi moja kwa moja, maana najua hutaacha, lakini uvile pamoja na chakula, mara moja ukamaliza, usikae navyo ukivimumunya mchana kutwa. Kwa jino, soda moja inayonywewa kidogo kidogo kwa saa tatu ni mbaya kuliko soda mbili zilizonywewa mezani.

Tuje kwenye usiku, kwa sababu meno mengi huharibika usiku. Ukiwa macho, tindikali ikipanda unameza mate, na mate yanaisukuma chini na kuipoza. Ukilala, mate hukauka karibu yote na kumeza kunapungua sana. Tone lililofika kinywani saa nane za usiku linaweza kukaa pale hadi uamke. Tena wapo ambao hawasikii kiungulia kabisa. Wanachoona ni sauti nzito asubuhi, kukohoa kohoa ili kusafisha koo kabla ya kipindi cha kwanza, au doa la mate machungu kwenye foronya. Kama na wewe unayo hayo, yaandike, utamwambia daktari.

Naifahamu ratiba ya walimu: unakula ugali saa tatu usiku, unajiegemeza kitandani na rundo la madaftari ya kusahihisha, saa nne umelala. Tumbo bado limejaa. Jaribu kula chakula cha mwisho masaa matatu kabla ya kulala, na kama haiwezekani, kile kizito kiwe mchana na usiku ule kidogo. Mafuta mengi hukawiza tumbo kujitoa, kwa hiyo chipsi mayai za saa nne usiku ni adui kuliko pilipili ambayo kila mtu huilaumu. Inua upande wa kichwa wa kitanda sentimita 15 hadi 20. Matofali mawili ya kuchoma yaliyolazwa chini ya kila mguu wa kitanda wa upande huo hukaribia hapo. Kurundika mito hakusaidii, kwani unajikunja kiunoni na kulibana tumbo. Lalia ubavu wa kushoto: kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ukilala hivyo mlango wa umio unakuwa juu ya maji ya tumboni, ukilalia kulia unakuwa chini yake. Sketi inayobana kiuno, uzito uliozidi, sigara na pombe vyote vinafungua mlango huo au kuusukuma kutoka chini.

Magnesium unazotafuna si mbaya kwa meno, ila zinapoza kilichopo kwa muda mfupi tu, hazizuii kinachofuata. Miaka mingi ya kutafuna magnesium ni dalili kwamba unahitaji kuonwa na daktari wa tumbo, si duka la dawa. Mara nyingi ataanza na dawa ya kupunguza utengenezaji wa tindikali, kama omeprazoli, kwa wiki kadhaa, kwa kawaida hadi 8, kisha akuangalie tena. Dawa hiyo inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Watu wengi huimeza baada ya chakula, au wakati kifua kinawaka, halafu wanasema haifanyi kazi. Ukiambiwa una bakteria wa vidonda vya tumbo ukapewa dozi, imalize, lakini usitegemee kwamba ndiyo tiba ya kiungulia. Hayo ni magonjwa mawili ambayo sisi tumeyapa jina moja la vidonda vya tumbo. Na kama unatumia dawa nyingine za kila siku, za presha kwa mfano, zitaje. Amlodipini na jamaa zake zinaweza kulegeza ule mlango wa umio. Usiziache mwenyewe lakini.

Kuna dalili ambazo hazingoji wiki 8: chakula kukwama kikipita, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kuambiwa una upungufu wa damu. Ukiwa na mojawapo, omba kipimo cha kamera ya tumbo katika hospitali ya rufaa. Saratani ya umio ipo kwa wingi katika ukanda wetu huu wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupita Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, na mara nyingi hufika hospitali imechelewa. Maumivu ya kifua yanayoshika unapotembea au kupanda ngazi, yakatulia ukipumzika, usiyaite kiungulia. Huo unaweza kuwa moyo.

Kabla hujarudi kwa daktari wa meno, fanya jambo moja nyumbani. Mchana, karibu na dirisha, kausha meno ya juu kwa kitambaa safi, kwa sababu mate huficha kila kitu. Inamisha kichwa nyuma, fungua mdomo sana, umpe mtu simu apige picha akiwa amewasha taa, akilenga migongo ya meno ya mbele, kisha magego ya chini kutoka juu. Enameli nzima huwa na vijimistari na ung'avu wa maziwa. Ukiona uso uliosawazika kama uliopakwa nta, na katikati yake eneo la njano lenye ukingo mwembamba mweupe karibu na ufizi, hiyo ni dentini imejitokeza, tabaka la pili la jino. Hapo ndipo maji ya baridi yanapopenya kukupa ganzi. Picha hizo ziweke na tarehe.

Daktari wako atapima kulika kwa alama. Kipimo kinachotumika sana kimekuwepo tangu 2008: kinywa kinagawanywa sehemu sita, na kila sehemu inapewa 0 hadi 3, ambapo 3 ni pale nusu ya uso wa jino au zaidi imepoteza sehemu yake ngumu. Atakuuliza pia kama umewahi kuwa na kipindi kirefu cha kutapika, ujauzito uliosumbua, au kujitapisha ili kupunguza mwili. Ni maswali ya kawaida, usichukie, maana matapishi huacha alama ile ile na tiba yake ni nyingine. Muulize naye kama unaonekana kusaga meno usingizini. Jino lililolainishwa kisha likasagwa huisha haraka kuliko kwa sababu mojawapo peke yake.

Kuhusu kofia sita, kwa sasa ningekataa. Ili kuvalisha jino kofia tunalichonga pande zote, na lako tayari ni jembamba. Tena kama tindikali bado inapanda kila usiku, itakula pale kofia inapokutana na jino, na baada ya miaka michache utakuwa umelipa mara mbili. Kwanza tindikali itulie. Wakati huo huo daktari apake vanishi ya floraidi, na sehemu zenye ganzi azifunike kwa tabaka jembamba la rangi ya jino lisilohitaji kuchonga. Baada ya miezi 6 apige picha zile zile na kuzilinganisha. Kama ncha hazijasogea, meno yenye urefu wa kutosha yaachwe yalivyo, na yaliyofupika yajengwe kwa kubandika nyenzo ile ile inayozibia meno ya mbele, ambayo inaweza kurekebishwa baadaye bila kupoteza jino lako la asili. Kofia ni kwa lile ambalo limebaki kidogo mno kubandikwa.

Mkaa, hapana. Njano unayoiona si uchafu. Ni dentini inayoonekana kwa sababu enameli iliyo juu yake imekonda, na mkaa ni chembe za kusugua. Utapata weupe wa siku mbili tatu kwa kuondoa madoa ya chai, halafu njano itazidi kwa kuwa umepunguza enameli iliyobaki. Dawa za kung'arisha zenye peroksaidi nazo zitakutesa kwa ganzi wakati dentini iko wazi. Wakati wa kuyajenga, daktari atachagua rangi ya kuyabandika, na hapo mwambie unataka yawe meupe kiasi gani.